Siku saba nikisaka taa za hoteli ya dada: Nakuru, Kisumu, Ilesi na kurudi

Siku ya 1, Jumanne, Nakuru

Wacha nianze na shida yenyewe. Dadangu mkubwa anafungua hoteli ya samaki hapa Nakuru, kwenye mitaa ya Bondeni, meza kumi na mbili, na kwa sababu mimi ndio fundi wa stima wa familia, kazi ya taa nimepewa bila kuulizwa kama nina nafasi. Akanihesabia elfu kumi na nane mkononi. "Nataka taa kumi na mbili, kila meza na yake, na usiniletee zile za hospitali."

Za hospitali anamaanisha zile balbu nyeupe pe, ukikaa chini yake hata mtu mwenye afya anakaa mgonjwa. Ukisoma pakiti utaona imeandikwa 6500K, hiyo ni rangi ya mwanga na kadiri namba inavyopanda ndio mwanga unakuwa wa samawati zaidi. Ukitaka ule wa manjano kama wa moto wa jikoni tafuta 2700 au 3000. Maduka mengi hapa mjini ukiuliza ya 3000 muuzaji anakuangalia kama umeomba sukari ya kijani.

Nimezunguka Kenyatta Avenue na vichochoro vyake kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Vifuniko vya taa ni vile vile kila duka, plastiki imekatwakatwa ikajifanya kioo, moja elfu nne mia tano. Ziwe kumi na mbili nipige hesabu? Sikupiga.

Jioni nimepita karibu na kile kilichokuwa kiwanda cha betri cha Eveready, kilifungwa 2014. Tochi yetu ya kwanza nyumbani ilikula betri zenye chapa ya paka zilizotoka hapa hapa mjini, na zikiisha nguvu tulizianika juani kwa bati zipate roho ya siku mbili zaidi. Nikiwa nimesimama hapo ndio wazo likaja, kwamba nyumba zetu taa haikuwa kitu cha dukani tu, taa ilikuwa inatengenezwa na mtu unayemjua. Dada anataka samaki kutoka Kisumu, na mimi nitaenda kumchukulia, huko huko niangalie kama mafundi wa taa bado wako.

Nimempigia simu. Akasema, "Nauli ni yako."

Siku ya 2, Jumatano, njiani

Hakuna mengi. Matatu ya saa mbili iliondoka saa nne kasoro. Salgaa, Mau Summit kwa ukungu, Kericho chai pande zote mpaka macho yanachoka na kijani, kisha unashuka, joto linaanza kukuvua sweta polepole, Awasi, Ahero na mashamba yake ya mpunga, Kisumu. Nimefikia kwa binamu yangu Nyalenda. Mke wake amepika omena, kwa hivyo siku imeisha vizuri.

Siku ya 3, Alhamisi, Kibuye

Wale hawajui, Kibuye ni soko la Kisumu ambalo Jumapili huwezi hata kugeuka, lakini katikati ya wiki unaweza kuongea na mtu. Nilifuata sauti ya nyundo kwa bati. Kwa mafundi wa jua kali sauti ndio ramani, ukisikia nzito hiyo ni masanduku na majiko, ukisikia nyepesi ya haraka haraka umefika kwa wa vitu vidogo.

Nikampata jaduong' mmoja amekaa kwa kiti kifupi, mbele yake mikebe ya mafuta ya kupikia imekatwa ikanyooshwa kama karatasi. Koroboi, ama nyangile kama wanavyoita huku, alikuwa nazo tano tu zimening'inia nyuma yake zina vumbi. Nikamuuliza mbona chache. Akasema zamani alikuwa anatengeneza thelathini kwa siku na jioni zimeisha, sasa watu wana sola, na tangu 2018 serikali ilipoweka ule ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili watu waache kuyachanganya na dizeli, hata mwenye hana sola anafikiria mara mbili kabla ya kuwasha. Sitetei mafuta taa mimi. Nimesoma darasa la nne mpaka la nane kwa koroboi, asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi.

Lakini angalia mkono wa huyu mzee. Anakata kwa mkasi wa bati bila kuchora mstari, anazungusha kwa bomba mpaka iwe mviringo, anakunja kingo mbili zishikane kama vidole, halafu anachukua pasi ya kulehemu iliyokuwa inalala kwa makaa, asidi kidogo, risasi inatiririka kwa mshono na kuganda. Tangi, shingo, mkono wa kushikia. Dakika kama kumi na tano. Utambi ni uzi wa pamba umesokotwa.

Nikamwambia jaduong', nataka nne, lakini kubwa mara mbili, bila utambi, na pale shingoni acha tundu la holda ya balbu, itaning'inia kichwa chini. Akaniangalia muda.

"Kichwa chini mafuta yatamwagika."

"Haina mafuta. Ni ya stima."

"Sasa kama una stima unataka nyangile ya nini?"

Hilo swali sikuwa na jibu lake safi. Nikamweleza habari za yule Mholanzi, Tejo Remy, aliyechukua chupa kumi na mbili za maziwa mwaka 1991 akazipanga tatu kwa nne kama zilivyokuwa zinakaa kwa kreti, akatia balbu ndani ya kila moja akazining'iniza karibu na sakafu, na leo taa hiyo iko kwa makumbusho. Mzee akauliza, "Maziwa alikunywa yote?" Nikasema sijui. Akasema huyo basi alikuwa na pesa tangu mwanzo.

Tukakubaliana mia nne hamsini kila moja. Tatizo likaja kwa maandishi. Mikebe ina rangi nzuri sana, nyekundu na njano na picha ya chapati, na mzee kila mara anageuza bati ili maandishi yaende ndani na nje ibaki fedha tupu. Nikamwambia hapana, mimi nataka rangi nje. Akaweka nyundo chini.

"Unataka watu waone ni mkebe?"

"Ndio, jaduong'. Hiyo ndio uzuri wake."

"Omera, mimi miaka yote nageuza ndani ili mama akinunua asionekane amenunua takataka. Wewe unataka kuitoa nje. Basi hujawahi kuona aibu ya mkebe."

Nimebeba hayo maneno siku nzima. Kwa sababu nimeiona. Nilipokuwa sekondari shule ilifungwa ghafla tukarudi nyumbani, na rafiki yangu mmoja akaja kututembelea jioni, na kitu cha kwanza nilifanya ni kuficha koroboi nyuma ya mtungi na kumwambia stima zimepotea, wakati nguzo ya karibu ilikuwa kilomita tatu. Nilimwambia mzee afanye mbili rangi nje, mbili rangi ndani. Akacheka, akasema huo ni uoga wa mtu wa Nakuru.

Wakati naondoka akanirushia nyangile moja ya kawaida yenye utambi. "Ukipotelewa na stima ya kweli."

Siku ya 4, Ijumaa, Dunga

Hii siku ni ndefu, mnivumilie.

Asubuhi nilienda Dunga kwa mama mmoja anayesuka magugu maji. Haya magugu yaliingia ziwani yakafanya miaka ya 1990 wavuvi walie, kuna siku mashua ilikuwa inakwama kama imefika nchi kavu, na bado yanakuja na kuondoka na upepo. Yeye anavuna mashina, anayaanika juani mpaka yawe ya rangi ya chai ya maziwa, anayabana yawe bapa, kisha anasuka kama nywele na kuzungushia kwa fremu ya waya. Vikapu, mikeka, kofia. Vifuniko vya taa alishafanya, lakini alikuwa ameacha.

"Kwa nini mama?"

"Kimoja kiliungua."

Mteja alikuwa ametia balbu ya zamani ya wati 60. Hapo nikaingia kazini sasa, maana hii ndio lugha yangu. Ile balbu ya waya mwembamba ni jiko dogo, sehemu kubwa sana ya stima inayokula inatoka kama joto, mwanga ni kidogo tu, kwa hivyo ukiifunika na majani makavu umejenga tanuri. LED ya wati 5 au 7 nayo ina joto, lakini linakaa pale shingoni karibu na holda, ukiacha kifuniko kiwe wazi juu hewa ipite na shina lisiguse balbu, hakuna shida. Nilikuwa na balbu na waya kwa begi, nikachomeka kwa soketi yake, tukaacha ndani ya kikapu saa nzima huku tukinywa chai. Akaweka mkono. Akaweka mkono wa pili. Akaita jirani naye aweke mkono.

Halafu tukabishana kuhusu kusuka. Yeye ni fundi, anabana, hakuna nafasi hata ya sindano kupita, na kikapu kikibana hivyo ukiwasha unapata kikapu cheusi chenye shimo la mwanga chini. Nilimwomba alegeze. Kwake kulegeza ni kazi ya mwanafunzi. "Watu watasema nimezeeka." Mwishowe tukapatana, juu asuke kwa kubana kama kawaida yake, anaposhuka aachie polepole mpaka chini kabisa iwe kama wavu. Alifanya cha kwanza nikiwa pale, tukakiwasha ndani ya nyumba mlango umefungwa, na ukuta wote ukajaa mistari kama kivuli cha mafunjo yakiwa kwa maji. Mama hakusema kitu. Alizima akawasha tena. Elfu moja mia mbili kila kimoja, vinne, na sikupunguziwa hata bob.

Jioni binamu akanipeleka ufuoni. Msimu wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, sasa ni Agosti na mwezi umekufa, kwa hivyo wako kazini. Giza likiingia unaona taa moja mbali, halafu tatu, halafu unageuka kidogo tu na ziwa limekuwa mji.

Zamani zilikuwa karabai, zile za kupiga pampu zenye kile kijisoksi kinachowaka kama jua na kutoa sauti ya shhh usiku kucha. Siku hizi wengi wamehamia LED na betri. Mvuvi mmoja alikuwa anafunga yake kwa kielea cha mbao, betri ya pikipiki kwa boksi la plastiki, balbu imefunikwa na chupa iliyokatwa, na waya umepitishwa kwa vipete vidogo kando ya kijiti ili usizame. Nikacheka peke yangu kwa sababu nimeshaona hiyo taa. Ndugu wawili wa Italia, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, walifanya ya kwao 1962 wakaiita Toio: taa ya mbele ya gari juu ya chuma kirefu, transfoma imekaa chini kama uzito wa kuizuia isianguke, na waya unapita kwa vipete vya fimbo ya kuvulia samaki. Inauzwa bei ya ng'ombe. Huyu wangu wa Dunga hajaisikia na hana haja.

Nikamuuliza kama anaweza kuona samaki kwa hiyo taa. "Haituonyeshi samaki. Inawaita. Wadudu wanakuja kwa taa, omena wanakuja, sisi tunangoja na wavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa yetu haina maana, samaki hajui aende wapi."

Sasa kuna kitu nilisoma kitambo na sikuwahi kukielewa mpaka leo. Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani ambaye baba yake alikuwa Mjapani, alipita mji wa Gifu, Japani, mwaka 1951. Gifu walikuwa mafundi wa taa za karatasi tangu zamani, lakini biashara ilikuwa imelala. Usiku wakampeleka mtoni Nagara kuangalia wavuvi wanaovua kwa kutumia mnandi, yule ndege mweusi, na moto umewashwa mbele ya mashua. Baada ya hapo akaanza kutengeneza taa za karatasi ya gome la mforosadi juu ya mbavu za mwanzi, akaziita Akari, na aliendelea nazo mpaka uzeeni, zaidi ya aina mia moja. Mimi nilikuwa nafikiri hiyo habari ya wavuvi ni mapambo tu ya hadithi. Lakini ukisimama Dunga saa mbili usiku na mnandi wamelala kwa miti nyuma yako unaelewa mtu anaweza kurudi nyumbani akakaa na hiyo kitu maisha yote. Mwanga wa mbali juu ya maji hauna ukali. Huoni balbu. Unaona mahali.

Binamu alikuwa anaumwa na mbu, tukaondoka.

Siku ya 5, Jumamosi, Ilesi

Matatu ya Kakamega, Kiboswa, Majengo, Chavakali, unashuka Ilesi kabla ya mji. Watu husimama kupiga picha lile jiwe linalolia, jiwe kubwa linalotiririkwa na maji kama machozi, na wakimaliza wanapita vyungu kando ya barabara kama hawavioni. Mimi jiwe nililipa salamu tu.

Nilikuwa nimeagiza wiki tatu kabla, kabla hata dada hajanipa pesa, maana nilijua safari hii itakuja kwa njia moja ama nyingine. Vyungu vinne, vya kichwa chini, na tundu la milimita 40 kwa tako, hilo ndio linakaa holda ya skurubu. Nilituma picha nimechora na vipimo vyote, nikajiona mimi ndio mimi.

"Mulembe mama."

"Mulembe muno, mwanangu. Vyungu vyako viko tayari. Lakini mashimo yamekuwa madogo."

Kupima, milimita 36. Vyote vinne. Na kosa ni langu mzima mzima. Udongo ukikauka unanywea, ukichomwa unanywea tena kidogo, ukiweka kumi unatoa tisa. Yeye alitoboa 40 kama nilivyoandika, kwenye udongo mbichi. Nikamuuliza mbona hukuniambia. "Ulituma karatasi yenye namba. Nilidhani mtu wa namba anajua." Aki hapo nilinyamaza.

Kupanua chungu kilichochomwa kwa tupa ni kutafuta ufa. Tukakaa tukifikiria, halafu nikakumbuka holda ya pini, ile ya kusukuma na kuzungusha, shingo yake ni nyembamba, karibu milimita 28. Ndani ya 36 inacheza, lakini ukiweka pete mbili za mpira, zile washa za fundi wa mabomba, moja juu na moja chini, inakaa na haikwaruzi chungu. Mtoto wake akatumwa dukani Khayega kwa boda, akarudi na washa nane. Shilingi themanini zikaokoa vyungu vinne. Ilibidi balbu za vyungu ziwe za pini na zingine za skurubu, ambayo kwa fundi ni aibu ndogo lakini mteja haoni.

Sasa uzuri. Mimi nilikuwa nimechora matundu madogo yamepangwa safu kwa safu kama kichujio cha chai. Yeye hakuyafuata hata kidogo. Juu alizungusha ule mviringo wa kamba iliyosokotwa ambao huacha alama kama shanga, hiyo ni saini ya vyungu vya huku, na matundu akayatoboa kwa spoku ya baiskeli yakifuata hizo alama, makubwa kwa madogo, yamebanana upande mmoja na upande mwingine hakuna kitu, tupu. Nikauliza mbona upande mmoja.

Akasema chungu kilipokuwa kimekauka nusu, kiasi cha kushikika bila kubonyea, alingoja jioni, akafunga mlango na kutia simu ndani ikiwa imewashwa tochi, akawa anatoboa huku anaangalia ukuta. Sio chungu. Ukuta. "Mwanga nikitoboa kila mahali unakuwa kelele. Upande wa mtu acha giza, upande wa ukuta fungua."

Nimesoma kurasa ngapi za Poul Henningsen wa Denmark, ambaye kuanzia miaka ya 1920 alipiga hesabu za sahani tatu zinazofunikana ili mtu aliyekaa mezani asiione balbu yenyewe hata akiinua macho, taa yake maarufu ya 1958, PH 5, imepewa namba kwa sababu ya upana wake wa sentimita 50. Kazi ya miaka na miaka. Na mama wa Ilesi amefika karibu na hapo kwa simu yenye kioo kimepasuka na spoku. Sisemi ni kitu kimoja, yule alitaka mwanga ufike sawasawa kwa meza na huyu anataka ukuta upendeze. Lakini wote wawili walianza na jicho la mtu aliyekaa.

Mia saba kwa chungu. Nikaongeza mia mbili kwa ule upande mtupu ambao sikuagiza. Alivifunga kwa majani ya migomba na kamba, kila kimoja kama mtoto.

Siku ya 6, Jumapili, Nyalenda

Nilipanga kuunganisha taa zote leo na kuzijaribu. Stima zimepotea saa nne asubuhi, zimerudi saa tatu usiku. Ndio hivyo.

Jioni nikakumbuka nyangile ya jaduong'. Tukatafuta mafuta taa duka la nne ndio tukapata, nikawasha, nikakaa kwa mlango nikiwa nimejawa na utoto. Kile kimoto kinacheza, vivuli vinapanda ukutani, mimi nataka hata kusimulia hadithi ya sungura. Msichana wa binamu, miaka saba, hajawahi kuona moja ikiwaka. Aliangalia kama dakika mbili. "Uncle, inanuka. Kwani imeharibika?" Na mama yake kutoka jikoni, "Shemeji, toa hiyo kitu nje, pazia ni mpya."

Nikaitoa nje. Ilizimwa na upepo.

Siku ya 7, Jumatatu, kurudi Nakuru

Vikapu vinaingiana, vinne vinakuwa kama kimoja. Koroboi ziko kwa gunia. Vyungu ndio mizigo. Noguchi alijua kitu, zile Akari zinakunjwa bapa kama bahasha, mtu anabeba ishirini kwapani. Mimi nilikuwa na vyungu viwili mapajani na viwili chini ya kiti, na kreti ya samaki wa dada kwa buti, na makanga ananiuliza kama vyungu vitalipa nauli.

Baada ya Londiani dereva akaruka tuta moja ambalo nadhani hakuliona mpaka lilipokuwa nyuma yetu. Nilisikia tu *kak*. Cha chini ya kiti, upande wa kushoto. Vipande saba.

Njia yote iliyobaki nilijifariji na Mjerumani Ingo Maurer, ambaye 1994 alitengeneza taa ya sahani na vikombe vilivyovunjika, vipande vinaruka kila upande kama bomu limepasuka kabatini, akaiita Porca Miseria!, ambayo ni tusi la Kiitaliano la mtu aliyechoka kabisa. Nikasema basi na mimi nimepata taa ya kumi na mbili bila kupanga. Usiku huo huo nikatoboa vile vipande kwa dirili taratibu, nikavifunga kwa waya kuzunguka balbu, vikawa vinaelea. Kusema ukweli ilikuwa inapendeza kuliko zote.

Dada alikuja asubuhi akasimama chini yake.

"Hii ni nini?"

"Ni kile chungu kilichovunjika, lakini nime..."

"Naona ni chungu kilichovunjika. Watu wangu watakula wakiwa wameangaliwa na vigae? Na kimoja kikianguka kwa supu ya mtu?"

Nikajaribu kumweleza habari za Maurer. Akaniuliza kama Maurer alikuwa na leseni ya hoteli.

Aliingia jikoni akatoka na bakuli la enameli, lile la maua mekundu, la mama yetu, limepasuka rangi kidogo kwa ukingo. "Toboa hili." Enameli ukiingia na dirili moja kwa moja inabanduka kama ganda la yai, kwa hivyo unabandika tepu kwanza, unapiga alama na msumari, unaanza na biti ndogo. Nikatoboa. Nikalining'iniza mdomo chini, sentimita sitini hivi kutoka mezani. Ndani ni jeupe, mwanga wote unarushwa chini, duara moja safi kwa meza, na balbu huioni kabisa mpaka uiname. Dada hakungoja nimsifu, alikuwa ashaenda kupima samaki.

Nyongeza, wiki mbili baadaye

Hoteli imefunguliwa. Hesabu ilitoka elfu kumi na sita na kidogo, pamoja na waya, holda na balbu za 3000K ambazo mwishowe nilizipata Kisumu. Nauli hakuna aliyenirudishia.

Vikapu watu wanapiga nazo picha, sana sana wasichana wa chuo. Vyungu vitatu viko ukutani upande wa nyuma, kuna mzee mmoja wa Kiluhya huja kila siku saa saba, hukaa pale, hata kama kuna joto. Malalamiko ni ya koroboi. Nilizining'iniza juu kidogo, mwanga ukawa mzuri kwa macho lakini mdogo kwa mtu anayekula ngege, yaani tilapia, na ngege ana mifupa. Mteja wa kwanza kabisa aliniita, "Fundi, hebu washa taa." Ilikuwa imewaka. Nimezishusha na kuweka balbu za wati 9.

Jana akaja mama mmoja wa makamo, ameagiza ngege wa kukaanga na ugali. Akawekwa meza ya koroboi, moja ya zile za rangi nje. Akainua macho, akaiangalia muda mrefu, nikaona anatabasamu, nikasogea nikidhani nitasifiwa.

"Hii mliitoa wapi?"

"Kibuye, mama. Imetengenezwa kwa mkono."

"Naijua. Nilifanya mtihani wa darasa la saba na hii, ikachoma daftari langu la hesabu." Akanyamaza kidogo. "Nzuri. Lakini sikai chini yake tena."

Akachukua sahani yake mwenyewe, hakungoja mhudumu, akahamia meza ya bakuli la enameli, akavuta kiti karibu na mwanga na kuanza na kichwa.